Kaunta kubwa ndani ya keneli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo huwa yananirudia kila mara, kutoka kwa watu wanaoandika draiva (programu ya kuendesha kifaa) kwa mara ya kwanza na wale wanaoangalia takwimu za mashine wakakuta namba ambazo haziwezekani. Nimeyajibu kama vile mtu amekaa hapa pembeni tunaangalia skrini moja. Mifano mingi ni ya Linux kwa sababu ndo ninayoishi nayo, lakini shida yenyewe ipo kwenye keneli yoyote, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji.

Kaunta "kubwa" ni ipi hasa?

Ni kaunta, yaani namba ya kuhesabu vitu kama baiti au pakiti, ambayo ni pana kuliko kile mashine inaweza kubeba kwa mkupuo mmoja. Prosesa ya biti 32 inasoma na kuandika biti 32 kwa safari moja, sasa ukiipa kaunta ya biti 64 inabidi ipige safari mbili, nusu ya chini na nusu ya juu, na kati ya safari hizo mbili lolote linaweza kutokea. Shida yote imekaa hapo, kwenye ule mwanya mdogo kati ya safari ya kwanza na ya pili.

Ila kuna maana ya pili: kaunta ambayo imegawanywa vipande vipande, kila prosesa na kipande chake, afu jumla ndo namba tunayoitaka. Hiyo nayo ni kubwa kwa maana ileile, huwezi kuisoma yote kwa mara moja, na hii inakuhusu hata kama mashine yako ni ya biti 64.

Si tubaki tu na biti 32? Bilioni 4 ni nyingi.

Zinaonekana nyingi mpaka upige hesabu. Biti 32 zinaishia 4,294,967,295. Laini ya gigabiti 1 ikiwa imejaa inapitisha baiti milioni 125 kwa sekunde, kwa hiyo kaunta ya baiti inajaa na kurudi sifuri kila baada ya sekunde 34 hivi. Ya gigabiti 10 ni sekunde 3.4. Yaani ukienda kunywa maji ukirudi kaunta imeshazunguka mara kadhaa na hakuna aliyekuambia.

Watu wa mitandao waliliona hili mapema, RFC 2863 (waraka wa viwango vya intaneti) ya mwaka 2000 inataka kaunta za baiti ziwe za biti 64 kwa kiolesura chochote kinachopita megabiti 20 kwa sekunde, na kuanzia megabiti 650 hata kaunta za pakiti ziwe za biti 64. Kwa upande mwingine, biti 64 kwenye laini ya gigabiti 100 iliyojaa muda wote zingechukua karibu miaka 47 kujaa. Hapo ndo unaweza kulala.

Lakini nikitoa namba mpya kwa namba ya zamani, si inajirekebisha yenyewe hata ikizunguka?

Ndio, kama imezunguka mara moja tu. Utoaji wa namba zisizo na alama ya hasi unakupa tofauti sahihi hata kama kaunta imepita sifuri katikati, na hilo ni jambo zuri sana ambalo watu hawalitumii vya kutosha. Tatizo ni pale unaposoma kila baada ya dakika 5 wakati kaunta inazunguka kila sekunde 34. Hapo katikati imezunguka mara nane na wewe unaona mzunguko mmoja au hata hauoni kabisa, grafu inakuja laini kabisa, nzuri, na ni ya uongo. Mimi naogopa namba kama hiyo kuliko keneli kuanguka, kwa sababu keneli ikianguka kila mtu anajua, namba ya uongo inakaa kwenye ripoti miezi mitatu watu wakiifanyia maamuzi.

Nini hasa kinaharibika nikiweka kaunta ya biti 64 kwenye mashine ya biti 32?

Tuiangalie kwa karibu. Kaunta iko kwenye 0x00000000FFFFFFFF, nusu ya juu ni sifuri, ya chini imejaa. Inakuja pakiti, tunaongeza 1. Kwenye x86 (prosesa za Intel na AMD) ya biti 32 kompaila, ile programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya mashine, inatoa maagizo mawili, `addl` kwa nusu ya chini afu `adcl` kwa nusu ya juu kubeba ile moja iliyozidi. Baada ya `addl` kumbukumbu ina 00000000 juu na 00000000 chini. Baada ya `adcl` ina 00000001 juu na 00000000 chini, ambayo ndo sahihi.

Sasa prosesa nyingine ikisoma katikati ya hayo mawili inapata sifuri. Kaunta iliyokuwa na bilioni 4 na zaidi imesomwa sifuri. Au geuza: msomaji (prosesa inayosoma) achukue nusu ya chini kabla, FFFFFFFF, afu mwandishi (ile inayoongeza) amalize kazi yake yote, afu msomaji achukue nusu ya juu ambayo sasa ni 1. Ameunganisha nusu mbili za nyakati tofauti na kupata 8,589,934,591, karibu mara mbili ya ukweli. Huku ndo kusoma kulikochanika. Kumbukumbu yenyewe haina kosa, sekunde ileile ukisoma tena inakuja sawa, na ndo maana watu wanaona mlima mmoja mrefu kwenye grafu afu wanasema labda ni mtandao ulipata mzigo ghafla. Ukiona mlima wa karibu gigabaiti 4 kamili, au shimo la kiasi hicho, usitafute mzigo, tafuta nusu mbili ambazo hazikukutana.

Nikiweka volatile au READ_ONCE haitoshi?

Haitoshi. Hizo zinamzuia kompaila asikate, asirudie wala asifute usomaji wako, lakini haziwezi kuipa prosesa upana ambao haina. Biti 64 kwenye mashine ya biti 32 zitabaki safari mbili hata uandike volatile mara kumi. Kwenye mashine ya biti 64 ndo zina maana kubwa, kwa sababu hapo safari moja inawezekana na unachohitaji ni kompaila asiivunje.

Kwa nini tusiweke loki tu tumalize?

Kwa kaunta inayoguswa mara chache, weka loki (kufuli, mmoja anaingia wengine wanasubiri) na usijisumbue, kweli kabisa, nusu ya draiva ninazoziona zimejaa ujanja mahali ambapo loki ya kawaida ingetosha. Ila kwenye njia ya pakiti hali ni nyingine. Laini ya gigabiti 10 yenye fremu ndogo kabisa inaleta pakiti milioni 14.88 kwa sekunde, yaani una nanosekunde 67 kwa kila pakiti kufanya kila kitu, kuipokea, kuiangalia, kuipitisha. Loki ambayo prosesa nane zinaigombania maana yake ile laini ya kache (kipande cha kumbukumbu ya karibu ya prosesa) yenye loki inasafiri kutoka prosesa moja kwenda nyingine, na safari moja tu inaweza kula bajeti yako yote ya pakiti hiyo. Kuhesabu pakiti kumekuwa ghali kuliko kuipokea.

Na atomiki? atomic64_t si ipo?

Ipo, ni kaunta ya biti 64 inayoongezwa kwa tendo moja lisilokatika, na ni sahihi, haitachanika wala haitapoteza ongezeko. Kwenye x86 ya biti 32 inatumia `cmpxchg8b`, kwenye ARMv7 (aina nyingine ya prosesa) inatumia jozi ya `ldrexd` na `strexd`, na kwenye mashine ambazo hazina kitu cha namna hiyo keneli inaangukia kwenye toleo la jumla ambalo ndani yake ni spinloki (loki ambazo anayesubiri anazunguka palepale) chache zinazogawanwa kwa anwani. Kwa hiyo unaweza kudhani umekwepa loki kumbe umeifungia ndani. Na hata pale ambapo ni agizo moja la kweli, bado laini ya kache inagombaniwa. Prosesa 64 zikiongeza kaunta moja ya atomiki zinapanga foleni, hakuna njia ya kuikwepa foleni hiyo.

Atomiki inafaa kwa kaunta ambayo jibu lake linahitajika papo hapo, mfano "je, nimefika kikomo". Kwa takwimu ambazo mtu anazisoma mara moja kwa sekunde, ni gharama ya bure.

Sasa wanaojua wanafanyaje?

Wanampa kila mwandishi kaunta yake. Kila prosesa inakuwa na nakala yake, inaongeza ya kwake tu, haiombi ruhusa kwa mtu, na msomaji ndo anayebeba mzigo wa kuzungukia zote na kujumlisha. Mimi nikiulizwa neno moja tu kuhusu mada hii nasema hilo: kaunta iwe na mwandishi mmoja, na gharama abebe msomaji. Waandishi wanapita mamilioni kwa sekunde, msomaji anakuja mara chache, kwa hiyo anayekuja mara chache ndo asubiri.

Kwenye x86 ya biti 64 `this_cpu_inc` inakuwa agizo moja tu, bila kiambishi cha loki, kwa sababu hakuna prosesa nyingine inayoandika pale na agizo moja haliwezi kukatwa katikati na intarapti (ishara inayoisimamisha prosesa ifanye kazi nyingine kwanza). FreeBSD, mfumo mwingine wa uendeshaji, wana kitu cha namna hiyohiyo, counter(9), kimekuja na toleo la 10, na kwenye amd64 (x86 ya biti 64) kuongeza ni agizo moja vilevile.

Kitu kimoja cha kuangalia: nakala hizo zisikae jirani kwenye laini moja ya kache. Laini ni baiti 64 kwenye mashine nyingi, kaunta nane za baiti 8 zinaenea humo vizuri kabisa, na ukizipanga hivo kwenye safu ya kawaida utakuwa umempa kila mtu chumba chake lakini mlango ni mmoja. Tumia mgao wa kila prosesa unaotolewa na keneli yenyewe, usijitengenezee safu yako.

Kama kila prosesa ina kaunta yake, kuchanika kumeisha?

Hapana, kwenye biti 32 bado kupo, kwa sababu msomaji anatoka prosesa nyingine na anaweza kumkuta mwandishi katikati. Mwandishi ni mmoja, hilo limetusaidia hakuna ongezeko linalopotea, lakini nusu mbili bado ni nusu mbili.

Hapo ndo inaingia namba ya mfuatano. Kwenye Linux imefungwa ndani ya `u64_stats_sync`, ambayo Eric Dumazet, mmoja wa watengenezaji wa Linux, aliileta mwaka 2010 kwa ajili ya takwimu za mtandao. Inafanya kazi hivi: pembeni ya kaunta kuna namba ndogo. Mwandishi akianza anaiongeza 1, inakuwa witiri, anaandika kaunta zake, akimaliza anaiongeza tena 1, inakuwa shufwa. Msomaji anasoma namba kwanza, akikuta witiri anajua mtu yuko ndani, anasubiri. Akikuta shufwa anasoma kaunta afu anasoma namba tena, ikiwa ileile basi hakuna aliyeingia katikati na anachukua alichosoma, ikiwa imebadilika anatupa kila kitu na kuanza upya. Upande wa msomaji unaonekana hivi:

```
do {
        mwanzo = u64_stats_fetch_begin(&s->syncp);
        baiti  = u64_stats_read(&s->rx_bytes);
        pakiti = u64_stats_read(&s->rx_packets);
} while (u64_stats_fetch_retry(&s->syncp, mwanzo));
```

Angalia kwamba ndani ya kitanzi tunasoma tu kwenye vigeu vyetu, hatujumlishi kwenye jumla kuu. Hili watu wanalikosea sana, wanaweka `jumla += ...` humohumo ndani, na kitanzi kikirudia mara mbili wanakuwa wamejumlisha mara mbili. Jumlisha nje, baada ya kitanzi kuisha.

Na vizuizi vya kumbukumbu viko ndani ya hizo funksheni, ndo maana usiziandike mwenyewe. Bila vizuizi prosesa ina haki ya kupanga upya maandishi, ikaonyesha namba shufwa kwa wengine kabla nusu ya juu haijafika. Kwenye x86 vizuizi vya aina hii vinamhusu kompaila tu kwa hiyo msimbo mbovu unapita majaribio miaka yote, afu siku unapelekwa kwenye ARM ndo unaanza kutoa namba za ajabu.

Programu inayosoma takwimu imeganda, prosesa iko asilimia 100, keneli haijaanguka. Ni nini?

Hili lilinila siku mbili kwa hiyo nalieleza taratibu. Draiva ilikuwa na foleni mbili za kupokea, kila moja inahudumiwa na prosesa yake, lakini aliyeiandika aliweka muundo mmoja wa takwimu kwa foleni zote mbili. Namba ya mfuatano iko 6. Prosesa A inasoma 6, prosesa B inasoma 6, A inaandika 7, B nayo inaandika 7. Ongezeko moja limepotea. Wanamaliza: A inaipandisha kutoka 7 hadi 8, B inaipandisha kutoka 8 hadi 9. Wote wameshaondoka na namba imebaki 9, witiri, na kama mtandao umetulia hakuna atakayekuja kuigusa. Msomaji anaona witiri, anaamini mtu yuko ndani, anasubiri mtu ambaye hayupo. Atasubiri milele.

Tiba haikuwa kugusa msomaji, ilikuwa kuipa kila foleni muundo wake. Waandishi wawili kwenye namba moja ya mfuatano hawaruhusiwi, labda kuwe na loki inayowatenganisha.

Kuna ndugu yake, intarapti kwenye prosesa ileile. Mwandishi ameingia, namba ni 7, intarapti inamkata na yenyewe inaandika kaunta zilezile: inaongeza, inakuwa 8, yaani shufwa wakati watu wawili wako ndani, na msomaji wa prosesa nyingine anaruhusiwa kupita kwenye nusu ya kazi. Au intarapti yenyewe ndo inasoma: inakuta 7, inamsubiri mwandishi amalize, na mwandishi hawezi kumaliza mpaka intarapti itoke. Mashine imekufa hapo. Kama kaunta zinaandikwa kutoka mazingira ya kawaida na ya intarapti, tumia `u64_stats_update_begin_irqsave`, au zigawe ziwe seti mbili. Na kwenye NMI (intarapti isiyozuilika) usisome kabisa kwa njia hii, kwa sababu NMI haizuiliki kwa kufunga intarapti za kawaida.

Mimi mashine zangu zote ni za biti 64. Haya yananihusu?

Nusu yake. Kwenye biti 64 `u64_stats_sync` inakuwa tupu, hakuna namba ya mfuatano, hakuna kurudia, msimbo unapungua na kuwa usomaji wa kawaida. Hiyo ni habari njema kwa kasi, ila kuna kitu watu hawakitambui: kitanzi kile hapo juu, kwenye biti 32 kinakupa baiti na pakiti za wakati mmoja, kwenye biti 64 hakikupi. Kila kaunta peke yake ni sahihi, lakini jozi inaweza kuwa na baiti za pakiti ambayo bado haijahesabiwa. Kwa grafu haina shida. Kama unagawa baiti kwa pakiti kupata wastani kwenye kipindi kifupi sana unaweza kuona pakiti kubwa kuliko MTU (ukubwa wa juu unaoruhusiwa) na ukaanza kumtafuta mchawi. Ukihitaji jozi iliyofungana kweli, tumia seqcount kamili (namba ya mfuatano isiyotoweka kwenye biti 64) au loki, usitegemee ile ya takwimu.

Jambo lingine ni mpangilio wa anwani. Kusoma biti 64 kwa safari moja kunahakikishwa pale kaunta imekaa kwenye anwani inayogawanyika kwa 8. Ukiibana kwenye muundo uliofungashwa bila nafasi, ikaangukia kwenye mpaka wa laini mbili za kache, dhamana imekwenda. Na ukihamia i386 kumbuka huko `u64` ndani ya muundo inapangwa kwa baiti 4 tu kwa kawaida, ndo maana `atomic64_t` inalazimishwa kuwa 8.

Jumla ninayopata ni sahihi kwa wakati gani?

Kusema ukweli, kwa wakati wowote ule hakuna. Unapoanza na prosesa 0 na kumaliza na prosesa 63, prosesa 0 imeshasonga mbele. Jumla yako ni ya kipindi, si ya nukta moja. Ukurasa wa counter(9) wa FreeBSD unalisema wazi, kwamba namba unayochukua haihakikishwi kuwa ndo jumla halisi ya wakati wowote maalum. Kwa kaunta inayopanda tu unapata namba iliyo kati ya jumla ya pale ulipoanza na jumla ya pale ulipomaliza, na kwa takwimu hiyo inatosha kabisa.

Panapouma ni pale namba inatumika kuamua. Kwenye Linux `percpu_counter` inaruhusu kila prosesa kuweka fungu lake pembeni kabla ya kulipeleka kwenye jumla kuu, na fungu hilo ni 32 au mara mbili ya idadi ya prosesa, kubwa kati ya hizo. Mashine ya prosesa 64 ina fungu la 128, kwa hiyo jumla ya haraka inaweza kuwa imekosea kwa karibu 8,000. Ukiwa na bloku milioni 10 zilizo wazi kwenye diski nani anajali, ukiwa na bloku 5,000 umeshaahidi nafasi ambayo haipo. Ext4, mfumo wa faili wa Linux, inafanya jambo la busara hapo: inasoma jumla ya haraka, ikiona imekaribia ukingo ndo inajumlisha kila prosesa kwa usahihi. Ukiwa mbali na ukingo kosa halikudhuru, ukikaribia unalipa. Napenda sana mpango huo, na ningeomba kila mtu anayeandika kikomo cha aina yoyote auige.

Kaunta za kumbukumbu nazo zina mtindo wake. Kila prosesa inabeba tofauti ndogo ya biti 8 tu kwa kila eneo la kumbukumbu, inamwaga ikifika kizingiti ambacho hakipiti 125, na kuna kazi inayopita kila sekunde kumwaga yaliyobaki. Prosesa 64 mara 125 ni kurasa 8,000, kwa kurasa za kibibaiti 4 hiyo ni karibu mebibaiti 31 za kumbukumbu wazi ambazo zinaweza zisionekane au zionekane wakati hazipo. Ndo maana keneli ikishuka karibu na alama ya hatari inachukua hesabu ya uangalifu zaidi.

Kwa nini kaunta yangu imerudi nyuma?

Mara nyingi umejumlisha prosesa zilizo hai tu. Prosesa moja ikazimwa, hesabu yake ikaondoka nayo, jumla ikashuka. Jumlisha prosesa zote zinazowezekana, `for_each_possible_cpu`, au hakikisha inayozimwa inamwaga chake kwanza. Sababu ya pili ni ule usomaji uliochanika. Ya tatu, kaunta yenyewe haikuwahi kuahidi kupanda tu: iowait (muda prosesa inaosubiri diski) ndani ya /proc/stat, faili la takwimu za keneli, inaweza kushuka na nyaraka zake zinakiri hivo. Programu inayotoa mpya kwa ya zamani bila kuangalia itageuza mshuko mdogo kuwa namba ya kutisha yenye tarakimu 20.

Hakuna njia ya kusoma nusu mbili bila namba ya mfuatano?

Ipo, na ni ya zamani. Leslie Lamport, mwanasayansi wa kompyuta, alionyesha mwaka 1977 kwamba kwa namba inayopanda tu, mwelekeo wenyewe unaweza kuwa ulinzi: mwandishi akiandika kutoka kulia (tarakimu ndogo) kwenda kushoto na msomaji akasoma kutoka kushoto kwenda kulia, anachopata hakitazidi thamani ya mwisho iliyoandikwa wakati anasoma. Ukigeuza pande zote mbili, anachopata hakitakuwa chini ya ile ya mwanzo. Bila loki, bila kusubiri.

Leo utaikuta jamaa yake kwenye RISC-V (aina nyingine ya prosesa) ya biti 32, kusoma kaunta ya mizunguko: soma nusu ya juu, soma ya chini, soma ya juu tena, kama za juu zinafanana chukua, la sivyo rudia. Inafanya kazi kwa sababu ile kaunta ni ya maunzi, inapanda yenyewe kwa mkupuo mmoja. Usiinakili kwenye kaunta ya programu hivihivi, kwa sababu mwandishi wako anagusa nusu moja kabla ya nyingine: msomaji anaweza kuingia baada ya `addl`, akasoma juu 0, chini 0, juu 0, akaridhika kabisa na sifuri ya uongo.

Naweza kuirudisha kaunta sifuri?

Usifanye. Ukiandika sifuri kutoka nje unakuwa mwandishi wa pili, na tumeshaona waandishi wawili wanafanya nini. Hifadhi namba ya sasa kama msingi, afu toa msingi huo kila unaposoma.

Kaunta ya marejeo nayo ni hivihivi?

Hapana, ile inahesabu wangapi bado wanatumia kitu, na ikikosea inaua. Kaunta ya takwimu ikizunguka unapata grafu mbaya, ya marejeo ikizunguka kitu kinaachiliwa wakati bado kuna anayekitumia. CVE-2016-0728, udhaifu wa usalama wa Linux, ilikuwa hivo hasa: marejeo ya keyring (hifadhi ya funguo ndani ya keneli) yalivuja, mtu akayaongeza mpaka biti 32 zikazunguka, na mlango ukafunguka. Toleo la 4.11 la mwaka 2017 lilileta `refcount_t`, ambayo ikikaribia kujaa inaganda juu na haishuki tena. Kumbukumbu kidogo inapotea milele, lakini hakuna anayeshika kitu kilichokufa. Takwimu usiziweke humo na marejeo usiyaweke kwenye kaunta za takwimu.

Nitajaribuje kujaa kwa kaunta bila kusubiri miaka?

Anzia karibu na ukingo. Kaunta ya tiki (mapigo ya saa ya keneli) ya Linux, jiffies, ikiwa ya biti 32 na tiki 1,000 kwa sekunde inazunguka kila siku 49.7, kwa tiki 100 ni siku 497. Hakuna anayejaribu draiva yake siku 49 kabla ya kuituma, na ndo namna Windows 95 ilivyotoka ikiwa inaganda baada ya siku 49.7, kaunta ya milisekunde imejaa. Wenye Linux wakaamua jiffies isianze na sifuri, inaanza na hasi ya sekunde 300, kwa hiyo kwenye biti 32 kila mashine inayowaka inavuka ukingo dakika 5 tu baadaye, mbele ya macho ya mtu aliyeandika kosa.

Fanya hivo kwa kaunta zako. Kwenye toleo la majaribio weka thamani ya mwanzo iwe 0xFFFFFF00, pitisha pakiti, weka msomaji anayezunguka bila kupumzika kwenye prosesa nyingine, na amuru ipige kelele ikiona namba imeshuka au imeruka kupita kiasi. Jaribu kwenye ARM ya biti 32 au kwenye QEMU (programu ya kuiga mashine) yenye prosesa zaidi ya moja, kwa sababu kwenye moja mwanya wa kati hautokei ila kwa intarapti. Afu jaribu kuzima prosesa moja katikati ya mzigo na kuiwasha tena, hapo ndo nimeokota makosa mengi kuliko mahali pengine popote.